Kwa Nini Hapa? Kufundisha Asili ya Madini na Nishati Katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha na kupangiwa mada ya madini, aghalabu huanza kwa kuchora ramani ubaoni. Hutia nukta penye Mwadui akaandika "almasi", nukta penye Geita akaandika "dhahabu", Mererani "tanzaniti", Ngaka "makaa ya mawe", Songo Songo "gesi asilia". Wanafunzi hunakili, hukariri orodha hiyo kwa sauti mara tatu, na kengele hulia. Siku ya mtihani wengi hupata. Mkufunzi aliyekuja kukagua huandika kwamba zana ilikuwapo, wanafunzi walishiriki, na lengo la somo lilifikiwa.

Nami nilifundisha hivyo kwa miaka miwili, katika shule iliyokuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kusini mwa Ziwa Viktoria. Sikuona kosa, mpaka siku mvulana mmoja wa darasa la sita, ambaye alikuwa haonekani shuleni siku mbili tatu kila juma, aliponyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwa nini dhahabu iko kwetu na almasi iko Mwadui? Kwa nini isiwe kinyume?" Nilimjibu kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, nikaendelea na nukta zangu. Mtoto yule hakubisha. Aliketi, akamwambia jirani yake kwa sauti niliyoisikia: "Hata mwalimu hajui. Baba anasema ni bahati."

Jibu langu halikuwa la mcha Mungu; lilikuwa la mvivu. Mahali ambapo sababu haikufundishwa, bahati huketi katika kiti chake, na machimboni bahati si jambo la mzaha. Mtu aaminiye kwamba dhahabu hutolewa kwa bahati hutafuta wa kumuuzia bahati hiyo. Katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na shughuli za uchimbaji zilikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa sana pamoja na imani hiyo. Sidai kwamba kipindi kimoja cha jiografia kingaliokoa maisha ya mtu. Lakini mwalimu wa darasa la sita ndiye mtu wa kwanza, na kwa watoto wengi ndiye wa mwisho, awezaye kuwaonyesha kwamba kila jiwe lina sababu ya kuwa mahali lilipo.

Makala haya yaeleza jinsi mada hii iwezavyo kufundishwa kwa kuanzia na sababu, kwa zana zipatikanazo katika shule yoyote. Orodha ya nukta itafuata yenyewe.

Nani alikusanya, nani alihifadhi?

Jambo la kwanza ambalo mwalimu hana budi kulielewa yeye mwenyewe ni kwamba dhahabu imetapakaa karibu kila mahali. Hata miamba iliyo chini ya bustani ya shule ina dhahabu, lakini ni kidogo mno: tani moja ya mwamba wa kawaida huwa na sehemu chache tu za elfu za gramu. Hakuna awezaye kuichimba. Ili mgodi ulipe, sharti tani moja itoe gramu moja, mbili, tatu au zaidi, yaani dhahabu iwe imekusanyika takriban mara elfu moja kuliko kawaida. Kwa hiyo mwanajiolojia afikapo mahali hujiuliza maswali mawili: ni nini kilichoikusanya dhahabu hapa, na ni nini kilichoihifadhi isitawanyike tena?

Maswali hayo mawili yafaa kwa kila rasilimali. Magadi hukusanywa na jua. Maji yenye chumvichumvi hutiririka hadi katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, jua huyakausha, na magadi hubaki. Ndiyo habari ya Ziwa Natron, na ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako magadi yamechimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto wa darasa la nne aweza kuliona hilo kwa kuacha sahani ya maji ya chumvi dirishani siku tatu. Makaa ya mawe hukusanywa na kinamasi. Madini mazito ya mchanga wa Kwale, katika pwani ya Kenya, yalikusanywa na maji na upepo, ambavyo huchukua chembe nyepesi na kuziacha zile nzito nyuma. Mwalimu na aandike ubaoni maneno mawili, "kukusanya" na "kuhifadhi", ayaache hapo kwa majuma yote ya mada.

Kamba ya umri

Watoto, na sisi pia, hatuna hisi ya kuijua miaka milioni. Nilijaribu kuandika sifuri nyingi ubaoni, hazikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kamba ya katani yenye urefu wa mita 46. Dunia ina umri wa miaka takriban milioni 4,600. Basi kila mita ya kamba ni miaka milioni 100, kila sentimita ni miaka milioni moja, na kila milimita ni miaka 100,000. Darasa litoke nje, kamba inyooshwe uwanjani, ncha moja iwe mwanzo wa dunia na ncha ya pili iwe leo. Watoto wapewe vijiti vyenye vitambaa vya rangi wavichomeke kwa kuhesabu mita kuanzia leo kurudi nyuma.

Kijiti cha miamba ya dhahabu ya Geita huenda mbali sana, mita 27 hivi. Tanzaniti ya Mererani hukaa karibu na mita ya sita. Makaa ya mawe ya Ngaka na Kiwira hukaa kati ya mita mbili na nusu na mita tatu. Mawe ya mchanga yanayohifadhi gesi ya Songo Songo yako kati ya mita moja na mita moja na nusu, na hapo ndipo pa kuongeza kijiti ambacho watoto hukipenda kupita vyote: mijusi wakubwa mno wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin. Hao ni wa mita moja na nusu hivi. Mlipuko ulioleta almasi za Mwadui uko karibu na nusu mita. Mwisho, mpe mtoto mmoja kijiti cha binadamu wa aina yetu. Ni milimita tatu kutoka leo. Atahangaika kukichomeka, na wenzake watacheka.

Wakiisha kucheka, uliza swali hili. Uchimbaji wa mchanga mzito wa Kwale ulianza mwaka 2013 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Miaka hiyo kumi na mmoja ina urefu gani katika kamba yetu? Wenye bidii ya hesabu watapata sehemu moja ya elfu tisa ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko hapo mara mia kadhaa. Ndipo neno "hayarudi" hupata maana. Katika madaftari ya darasa langu nilikuta watoto wanne wameandika kwamba dhahabu huota wakati wa masika. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba baada ya mvua kubwa watu huokota chembe za dhahabu kijitoni. Ilinibidi kuwapeleka kijitoni wakaone mvua inavyokula ukingo na kufunua kilichokuwa kimefunikwa.

Dhahabu: maji ya moto na ufa

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mtoto wa machimboni ajuapo mengi kuliko mwalimu wake.

Miamba ya Geita na majirani zake ni miongoni mwa miamba mikongwe ya nchi yetu. Zamani hizo, chini sana ardhini, maji ya moto yaliyokuwa yamebeba dhahabu pamoja na salfa yalipanda kupitia nyufa. Yalipopoa, au yalipokutana na miamba yenye chuma kingi ikayanyang'anya salfa, hayakuweza tena kuibeba dhahabu, yakaiacha. Pamoja nayo yaliacha jiwe jeupe, gumu, lenye kung'aa kama kioo, ambalo wataalamu huliita kwatzi. Ndiyo maana wachimbaji hufuata ule mshipa mweupe, na ndiyo maana huko Geita sehemu kubwa ya dhahabu imo ndani au kando ya miamba yenye matabaka ya chuma. Zana ya kufundishia ni birika kuukuu. Birika lililochemshia maji ya kisima kwa miaka mingi lina utando mweupe ndani. Watoto waukwangue kwa kijiko, kisha waulizwe umetoka wapi, wakati maji yaliyotiwa yalikuwa maangavu. Lakini mwalimu aseme wazi kikomo cha mfano wake: utando wa birika ni chokaa na huachwa kwa kuchemka, hali dhahabu iliachwa kwa kupoa na kwa kubadilika kwa maji yenyewe. Mfano usiowekewa mpaka huzaa kosa jipya. Nimekwisha kusahihisha daftari lililosema kwamba dhahabu hupikwa.

Sasa lile neno la "kuhama". Wachimbaji wakifuata mshipa na ukatoweka ghafla, husema dhahabu imehama. Wako watakaotaka kuchinja kuku ili irudi. Mwalimu asiyejua hudharau neno hilo, na akilidharau amempoteza mtoto ambaye baba yake hulisema kila jioni. Kumbe lina ukweli ndani yake. Ardhi hupasuka, na upande mmoja wa mpasuko huteleza juu, chini au kando. Mshipa uliokuwa mmoja hukatwa vipande viwili visivyokutana. Hakika umehama, lakini ulihama kabla ya mwanadamu yeyote kuwapo, na ulihama pamoja na mwamba wote.

Chukua udongo wa mfinyanzi mweusi, tia tabaka jembamba la udongo mwekundu katikati, shindilia liwe kama mkate. Kata kimshazari kwa kisu, kisha sogeza nusu moja chini kiasi cha vidole viwili. Mwite mwanafunzi ajifanye mchimbaji, afuate mstari mwekundu kwa njiti. Akifika kwenye mkato mstari huisha. Darasa lote limshauri: achimbe juu, au chini? Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza, yule mvulana wa darasa la sita, ambaye tangu siku ya swali lake hakuwa amenena neno katika kipindi changu, alisimama bila kuitwa. Alisema duara la baba yake limekoma hivyohivyo, na kwamba upande wa pili wa mpasuko kuna jiwe lililosuguliwa likawa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Alikuwa anaeleza alama ambayo wanajiolojia huitafuta. Alikuwa ameishika kwa mkono wake, na mimi nilikuwa nimeisoma tu kitabuni.

Hesabu nayo isiachwe. Tuseme mwamba una gramu tatu kwa tani. Tani ya mawe yaliyopondwa ni zaidi ya madebe thelathini. Gramu tatu za dhahabu, zikifinyangwa pamoja, hazizidi punje moja ya kunde. Panga madebe hayo ubaoni kwa kuchora, kisha weka punje ya kunde mezani. Watoto wataelewa kwa nini marundo ya marudio ni makubwa na mifuko ya watu ni mitupu. Baada ya hapo waoshe mchanga katika karai: mchanga mkavu uliochanganywa na vipande vidogo vya misumari, maji yatiwe, karai lizungushwe na kuinamishwa kidogo kidogo. Chembe nyepesi hutoka na maji, nzito hubaki. Dhahabu ni nzito mara saba kuliko kwatzi ya ujazo uleule, na kwa sababu hiyo peke yake karai laweza kuikamata.

Hapa sina budi kuonya. Mwanafunzi mmoja aliniletea zebaki katika kizibo cha soda, naye akiona fahari kuisaidia shule kwa zana. Niliipokea, nikaimwaga mezani, nikawaacha watoto waifukuze kwa vidole. Ni kosa ambalo hadi leo nalijutia. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, na mchimbaji huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hasa za watoto wadogo na za mimba iliyomo tumboni. Ikifika katika maji hugeuka sumu ambayo huingia katika samaki. Mkataba wa mwaka 2013 wa kupunguza matumizi yake ulipewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa uliotokana na kula samaki wenye zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Zebaki haina nafasi katika meza ya mwalimu. Nyumbani kwa mtoto yumkini ichomwe jikoni, katika sufuria ipikiwayo, na mwalimu ndiye awezaye kulisema jambo hilo bila kumshitaki mzazi: ichomwe mbali na nyumba, watoto wasikaribie, chombo kisirudi jikoni.

Makaa ya mawe na gesi

Makaa ya mawe hayahitaji maneno mengi. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, nchi zetu zilipokuwa zimeungana na India, Australia na Bara la Kusini katika bara moja kubwa, palikuwa na mabonde yenye vinamasi kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo. Mimea ilianguka majini, haikuoza yote kwa kuwa hewa haikuifikia, ikafunikwa na tope na mchanga, ikashindiliwa na kupashwa joto. Ndiyo sababu makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira yana ndugu zake huko India na Afrika Kusini. Kinamasi kilikusanya, tope likahifadhi. Kama kuna bwawa karibu na shule, chota tope jeusi la chini watoto wanuse: majani yaliyozama yangali yanatambulika.

Gesi ndiyo huwachanganya watoto, na walimu pia. Karibu kila mwanachuo niliyemwuliza aliichora gesi kama ziwa au pango lililomo chini ya ardhi. Hakuna pango. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichomo wilayani Kilwa, imo ndani ya jiwe lenyewe, katika vitundu vidogo vilivyo baina ya chembe za mchanga ulioshikamana. Ili kulithibitisha, chukua tofali la kuchoma lililokauka vizuri, ulizamishe katika ndoo ya maji, kisha nyamaza. Mapovu yatapanda kwa dakika nyingi. Uliza: hewa hiyo ilikuwa wapi, na tofali ni gumu? Halafu chukua chupa nyeupe, tia mchanga mkavu mchache, mimina mafuta ya kupikia yaingie mchangani, kisha ongeza maji polepole. Mafuta yataanza kupanda kupitia mchanga na kuelea juu. Katika ardhi mambo ni hivyohivyo: gesi na mafuta ni vyepesi kuliko maji yaliyojaa katika miamba, hivyo hupanda. Visipozuiwa hufika juu na kupotea. Vikikuta mwamba wa tope lililoshikana usiopitisha kitu, nao umejikunja kama bakuli lililofudikizwa, hukaa chini yake. Fudikiza bakuli ndani ya ndoo ya maji, puliza hewa chini yake kwa mrija wa papai, na watoto wataona hewa ikinaswa. Nani alikusanya? Wepesi wake. Nani alihifadhi? Bakuli.

Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004. Kwa miaka thelathini nchi ilijua kwamba ipo na haikuitumia, na wanafunzi wakubwa waulizwe kwa nini. Majibu yao yatakuwa mwanzo mzuri wa somo juu ya tofauti iliyopo kati ya kuwa na kitu ardhini na kuwa na visima, bomba, mitambo, fedha na mteja. Mnazi Bay, mkoani Mtwara, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982, kuna habari inayofanana na hiyo.

Almasi iliyobebwa

Yule mvulana aliuliza juu ya almasi, nami namdai jibu. Almasi ni kaboni, kitu kilekile kilichomo katika mkaa wa jikoni, iliyobanwa na kupashwa joto katika kina cha zaidi ya kilomita 150. Hakuna mgodi uwezao kufika huko. Ila zamani, mara chache, mwamba ulioyeyuka wenye gesi nyingi ulipanda kutoka kina hicho kwa kasi kubwa, ukatoboa ardhi, ukabeba almasi kama abiria. Mwamba huo huitwa kimbalaiti. Soda iliyotikiswa na kufunguliwa ghafla huonyesha nguvu ya gesi, nayo yatosha. Kasi ni jambo muhimu: kama safari ingalikuwa ya polepole, almasi zingaligeuka au kuyeyuka njiani.

Mwadui ndipo bomba mojawapo la namna hiyo lilipotokea juu. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliligundua mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta. Uso wake una eneo la hekta 146 hivi, sawa na viwanja mia mbili vya kandanda, na ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyopata kuchimbwa duniani. Mabomba haya hupenda kutokea mahali ambapo ardhi ni kongwe na nene, na moyo wa Tanzania ni mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo dhahabu ya Geita na almasi za Mwadui zinakaa katika kipande kimoja kikongwe cha ardhi. Lakini moja ililetwa na maji ya moto miaka milioni 2,700 hivi iliyopita, na nyingine ilirushwa na mlipuko juzi tu, nusu mita ya kamba yetu. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mtoto siku ile. Lingalichukua dakika tano.

Umbo la hazina, namna ya kuchimba

Mwanafunzi akijua umbo la hazina ataweza mwenyewe kukisia namna ya kuichimba, na mwalimu asimnyang'anye furaha hiyo kwa kumtangulia. Bomba la Mwadui lina umbo la karoti lenye mdomo mpana: shimo la wazi. Mshipa mwembamba wa dhahabu unaozama kwa mwinamo: duara na vichochoro. Tabaka la makaa lililolala karibu na uso wa nchi: kufukua udongo wa juu. Gesi: kisima chembamba chenye kina cha kilomita na zaidi.

Kila namna ina hatari yake na uchafu wake. Mnamo Novemba 2022 bwawa la kuhifadhia mabaki ya mgodi wa Mwadui lilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji vya jirani. Huko Mererani, maji ya mvua yaliingia migodini mwaka 1998, na tena mwaka 2008, yakaua watu wengi waliokuwa ndani. Huko huko watoto wembamba waliopenyezwa katika vichochoro walipewa jina la "nyoka". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa mtoto, na kazi ya migodini imetajwa kwa jina. Sheria hiyo wanafunzi waambiwe, lakini mwalimu asiigeuze kuwa fimbo ya kumwaibisha mtoto aliyekuwa mwaloni jana. Mtoto huyo apewe kazi ya kueleza. Aulizwe nguzo zilisimikwaje, maji yalitolewaje, hewa iliingia kwa njia gani. Nilipoanza kufanya hivyo, mahudhurio ya baadhi yao yaliongezeka, ingawa si ya wote; yule mvulana aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba.

Meza ya mawe

Mada hii yahitaji vipindi visivyopungua vinane, na azimio la kazi laweza kuvigawa hivi: kimoja cha sahani ya chumvi na maneno mawili, viwili vya kamba, viwili vya dhahabu, kimoja cha tofali na chupa, kimoja cha almasi, na kimoja cha namna za kuchimba. Ramani yenye nukta ije mwisho, na wanafunzi wenyewe waweke nukta kwa kutoa sababu. Katika jaribio, swali la "Taja migodi mitano" libadilishwe liwe kama hili: "Mtu amekuambia kwamba akichimba kwa kina cha kutosha katika uwanja wa shule atapata gesi. Ungemwuliza maswali gani kabla ya kumwamini?"

Pembeni mwa darasa iwepo meza ya mawe. Watoto walete mawe yoyote: la mtoni, la barabarani, kipande cha kokoto, jiwe la kusagia lililovunjika. Chini ya kila jiwe pawe na karatasi yenye mambo matatu: limeokotwa wapi, lilikuwa limelala pamoja na mawe ya namna gani, na nani amelileta. Jina la jiwe laweza kungoja, hata muhula mzima. Mwalimu asiyelijua aache nafasi wazi wala asibuni. Jiwe lisilojulikana lilikookotwa lirudishwe kwa aliyelileta, akaulize nyumbani, kisha alilete tena.